Sidi Mubarak Bombay: Mtumwa wa zamani aliyeiona Ujiji mara tatu kwa miguu

Na Mwandishi Wetu

NI nadra kwa mgeni anayefika Bagamoyo kuondoka bila kupelekwa Kaole, kilomita chache kusini mwa mji huo, kutazama magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya matumbawe yaliyosimama kati ya minazi na mikoko. Mbele yake ni mchanga mweupe wa Bahari ya Hindi, nyuma yake ni bara. Ni wachache wanaoambiwa kwamba ilikuwa ni Kaole, Juni 27, 1857, ambako ulianza msafara ulioliweka Ziwa Tanganyika katika ramani za Ulaya.

Vitabu vingi hutaja majina mawili ya msafara huo, nayo ni ya Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke. Lakini katika msafara uleule alikuwamo mtu mfupi wa kimo, mwenye meno yaliyochongwa kwa desturi ya Wayao, ambaye alikuja kuifuata njia ya kwenda Ujiji mara tatu katika muda wa miaka 17, akiwa na mabwana watatu tofauti, na ambaye mwishowe alilikata bara zima la Afrika mpaka Bahari ya Atlantiki.

Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Habari zake ni habari za safari, lakini pia ni habari za mtoto aliyeporwa kijijini kwao, akauzwa ng'ambo, akarudi akiwa mtu huru, na akawa ndiye masikio na ulimi wa watu ambao leo wanapewa sifa ya kuivumbua nchi iliyokuwa na wenyewe.

KUPORWA UYAO

Bombay alizaliwa kiasi cha mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, eneo ambalo leo limegawanywa na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake halikusalia katika kumbukumbu. Hilo ni jambo la kwanza ambalo utumwa ulimnyang'anya.

Kwa mujibu wa maelezo aliyompa Speke, ambayo Speke aliyachapisha mwaka 1864, mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alipofikisha umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara kutoka pwani, wakiwa na watu wenye bunduki, walikizingira kijiji chao kwa madai ya deni la bidhaa walizokuwa wamekopesha. Wanakijiji hawakuwa na cha kulipa wala silaha ya kukabiliana na bunduki. Waliotoroka walitoroka, waliokamatwa wakafungwa. Mtoto huyo hakumwona tena baba yake.

Akapelekwa Kilwa, bandari iliyokuwa imebobea katika biashara ya watumwa wa kusini, na huko akabadilishwa kwa nguo. Kutoka Kilwa alivushwa Unguja, kisha akauzwa kwa bwana aliyemchukua hadi India, upande wa Gujarat. Huko Waafrika waliitwa Sidi, na neno hilo likawa sehemu ya jina lake. Bombay ni jina la mji mkubwa wa pwani ya magharibi ya India, unaoitwa Mumbai sasa.

Alikaa India miaka mingi, akajifunza Kihindustani barabara. Bwana wake alipofariki dunia, aliachwa huru. Akapanda chombo, akarudi Unguja, akajiandikisha katika jeshi la Sultani. Hakurudi Uyao. Alipangiwa kituo cha Chogwe, ngome ndogo katika bonde la Mto Pangani, iliyolindwa na askari wa Kibaluchi.

Huko ndiko Burton na Speke walikomkuta mwanzoni mwa mwaka 1857, walipokuwa wakipita kwenda Usambara kupima hali ya nchi kabla ya safari yao kubwa. Speke hakujua Kiarabu na Kiswahili chake kilikuwa haba, lakini miaka yake ya jeshini India ilimpa Kihindustani. Ghafla akampata Mwafrika ambaye angeweza kuzungumza naye pasipo mtu wa kati. Waingereza hao walimwomba kwa mkuu wake, wakamchukua. Burton, ambaye si mtu aliyekuwa mwepesi wa kusifu, aliandika kwamba katika kundi lote hakuna aliyemzidi kwa uaminifu na uchapakazi.

KUTOKA KAOLE HADI UJIJI

Safari ya siku zile haikuwa ya basi wala treni. Msafara ulitembea kwa mstari mmoja mrefu, mbele kirangozi, nyuma yake wapagazi waliobeba mizigo ya nguo za merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali na nyaya za shaba. Bidhaa hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kila mtawala aliyepitiwa alidai hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake, na msafara ungeweza kukaa siku kadhaa mahali pamoja ukisubiri makubaliano ya vitambaa vichache.

Mkuu wa msafara alikuwa Said bin Salim, aliyetolewa na Sultani. Bombay alianza kama mbeba bunduki na mkalimani wa Speke. Lakini kadiri homa ilivyowaangusha Wazungu, na kadiri wapagazi walivyotoroka na askari wa Kibaluchi walivyonung'unika, ndivyo kazi za Bombay zilivyoongezeka. Alikuwa mjumbe, mpatanishi, mnunuzi wa chakula na mlinzi wa mizigo.

Walipita Uzaramo, wakapanda milima ya Usagara, wakavuka Ugogo yenye kiu, na Novemba 7, 1857 wakafika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu katika Unyanyembe, ambayo leo ni Tabora. Baada ya mapumziko wakaendelea magharibi, wakauvuka Mto Malagarasi na kupita nchi ya chumvi ya Uvinza.

Februari 13, 1858 walipanda kilima kikali. Burton alikuwa amepooza miguu na alibebwa kwa machela. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho uliomfanya aone ukungu tu. Wanaume hao wawili waliosafiri kutoka Ulaya kulitafuta ziwa walifika juu ya kilima, mmoja hawezi kutembea, mwingine hawezi kuona.

Burton aliona chini yake mstari wa mwanga, asijue ni nini. Akamuuliza Bombay. Kwa mujibu wa maandishi ya Burton mwenyewe, ni Bombay aliyemweleza kwamba anadhani yale ni maji.

Kwa watu wa Ujiji na vijiji vya mwambao hapakuwa na ugunduzi wowote. Wavuvi wao walikuwa wakilijua ziwa hilo tangu enzi za mababu, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na makazi yao hapo. Soko la Ujiji lilikuwa na samaki, mawese, chumvi, pembe za ndovu na watumwa. Lakini kwa ramani za Ulaya siku hiyo ilikuwa mpya, na jicho lililoyatambua maji lilikuwa la mtu wa Uyao.

Ziwa lenyewe lina urefu wa takriban kilomita 673, na kina chake hufikia mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Leo linamilikiwa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

NENO MOJA LILILOSUMBUA RAMANI

Kilichowapeleka Waingereza hao Ujiji kilikuwa swali lililowasumbua wasomi tangu zama za Wayunani: Mto Nile unaanzia wapi? Walikuwa wamesikia kwamba upande wa kaskazini wa ziwa upo mto mkubwa, Rusizi. Kama Rusizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini, basi huenda ndio Nile. Kama unaingia ziwani, basi ziwa hilo na Nile havina uhusiano.

Machi 1858, Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge upande wa magharibi, kutafuta jahazi la kukodi kwa mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim. Bombay alikuwa pamoja naye. Ilikuwa safari ya dhoruba na mvua, ambayo katika usiku wake mmoja mdudu alimwingia Speke sikioni na kumtesa kwa miezi. Jahazi hawakulipata. Lakini Speke alirudi Ujiji na habari iliyomfurahisha Burton: Hamed alikuwa amesema kwamba mto wa kaskazini unatoka ziwani.

Waingereza wote wawili wakaingia katika mitumbwi miwili pamoja na Kannena, mkuu wa Kawele hapo Ujiji, wakaambaa na mwambao kuelekea kaskazini. Safari hiyo ya Aprili 1858 ilipita pwani zile ambazo abiria wa leo huziona akiwa ndani ya boti: milima ya kijani inayoshuka moja kwa moja majini, ghuba ndogo za mchanga, vijiji vya wavuvi. Wapiga makasia walikataa kwenda mbali zaidi ya Uvira.

Huko Uvira, watoto wa mtawala wa nchi, walioujua Rusizi, waliwaeleza wageni kwamba mto huo unaingia ziwani. Hapo Bombay naye akakiri jambo. Alisema kwamba kule Kasenge Hamed alikuwa amezungumzia mto unaoingia, na kwamba maneno yake yalieleweka vibaya.

Ni rahisi kumlaumu mkalimani. Lakini inafaa kutazama njia ambayo maneno hayo yalipita. Mwarabu alizungumza, Myao akasikiliza, akageuza kwa Kihindustani alichojifunza utumwani, na Mwingereza aliyetaka sana kusikia jibu fulani akaandika. Jambo la maana ni kwamba Bombay hakunyamaza. Alikuwa na kila sababu ya kuficha kosa, kwa kuwa safari nzima ya mitumbwi ilikuwa imejengwa juu ya habari ile. Alisema ukweli mbele ya mabwana waliokuwa wamekata tamaa.

Burton hakufika mdomo wa Rusizi, na miaka iliyofuata alirudi kuishikilia dhana kwamba pengine mto huo unatoka. Ubishi kati yake na Speke ukawa uhasama uliojulikana Uingereza nzima.

NYANZA NA NILE

Msafara uliporudi Kazeh katikati ya mwaka 1858, Burton alibaki mgonjwa. Speke alimchukua Bombay na kundi dogo, akaelekea kaskazini. Agosti 3, 1858 akaliona ziwa jingine karibu na Mwanza, na papo hapo akaamini kwamba hilo ndilo chanzo cha Nile. Waliporejea Unguja Machi 1859, uhasama ulikuwa umekomaa. Palizuka pia ugomvi wa malipo: Burton alikataa kuwalipa baadhi ya watu wa msafara, na balozi wa Uingereza Unguja, Christopher Rigby, akamlalamikia kwa wakubwa wake.

Speke alirudi mwaka 1860, safari hii akiwa na James Grant, na mtu wa kwanza aliyemtaka ni Bombay. Waliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo. Walipita Karagwe kwa Mfalme Rumanika, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Katika ikulu ya Buganda, ambako mgeni angeweza kungojeshwa siku nyingi kabla ya kuonana na Kabaka, Bombay alikuwa mjumbe wa kwenda na kurudi, akichukua zawadi, maombi na udhuru.

Safari hiyo haikuwa ya heshima tupu. Bombay alikuwa na mpinzani ndani ya msafara, aitwaye Baraka, na ugomvi wa madaraka ulikuwa wa kila mara. Aidha, Speke, ambaye aliandika kurasa nyingi za kumsifu, siku moja alimpiga ngumi usoni na kumng'oa meno ya mbele. Pengo hilo Bombay alizeeka nalo, na Stanley aliliona miaka kadhaa baadaye.

Hata hivyo aliendelea. Julai 28, 1862 Speke alifika mahali Nile inapotoka katika Ziwa Victoria, Jinja. Kutoka Bunyoro, Bombay alitumwa mbele kwenda kutafuta kituo cha wafanyabiashara waliokuja kutoka kaskazini, akarudi amevaa nguo mpya za pamba, ushahidi kwamba njia ya Misri ipo. Februari 1863 msafara ukafika Gondokoro, kisha Cairo. Kati ya watu wengi walioondoka pwani, ni kundi dogo tu la wafuasi waaminifu lililofika Misri. Walipigwa picha hapo Cairo, Bombay akiwa kiongozi wao, kabla ya kurudishwa Unguja kwa meli.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunukia Bombay nishani ya fedha. Speke alifariki Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton. Swali la Rusizi lilibaki bila jibu.

UJIJI MARA YA PILI

Januari 1871 mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, alitua Unguja kwa siri ya kumtafuta Dk. David Livingstone. Kama wenzake waliomtangulia, aliwatafuta watu wa Speke. Bombay, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 50 hivi, aliajiriwa kuwa kapteni wa askari wa msafara kwa mshahara wa dola 80 kwa mwaka, mara mbili ya wenzake. Nusu alipewa mapema, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka.

Msafara wa mwisho wa Stanley uliondoka Bagamoyo Machi 21, 1871. Walipofika Tabora, njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Stanley alijiingiza katika vita hivyo, Waarabu wakashindwa vibaya, naye akalazimika kuzunguka kusini. Huko porini, karibu na Mto Gombe, watu wake waligoma kuendelea na nusura damu imwagike. Kesho yake Stanley alimpiga Bombay mgongoni kwa mpini wa mkuki, akimlaumu kwamba hakuwadhibiti wenzake.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kazi yake. Kwa Mzungu alikuwa mwakilishi wa wapagazi, na kwa wapagazi alikuwa mwakilishi wa Mzungu. Kiboko kilipotembea, yeye alikipata kutoka upande mmoja. Lawama zilipotembea, alizipata kutoka pande zote mbili.

Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa Novemba 10, 1871 walipoingia Ujiji huku bunduki zikipigwa hewani na bendera ya Marekani ikipepea. Livingstone alikuwa amerudi hapo karibuni akiwa dhaifu, na kukuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Mkutano wa watu hao wawili chini ya mwembe umesimuliwa duniani kote. Aliyekuwa kapteni wa msafara ulioingia mjini siku hiyo husahaulika, ingawa kati ya waliofika na Stanley yeye alikuwa mmoja wa wachache ambao Ujiji hawakuwa na haja ya kuonyeshwa njia.

Siku chache baadaye Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa. Waliuona Rusizi kwa macho yao. Unaingia ziwani, kama watu wa Uvira walivyosema na kama Bombay alivyokiri miaka 13 kabla.

MARA YA TATU, HADI ATLANTIKI

Mwaka 1873 Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza alitumwa kumsaidia Livingstone. Naye akamchukua Bombay. Wakiwa Unyanyembe, Oktoba mwaka huo, walipata barua kwamba Livingstone amefariki. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikuwa njiani na maiti yake kuelekea pwani. Wenzake Cameron walikuwa wamekufa au wakarudi. Yeye aliamua kuendelea, na Februari 1874 Bombay akayaona tena maji ya Ujiji.

Hapo Ujiji Cameron alizikuta karatasi za Livingstone zilizokuwa zimehifadhiwa, akazipeleka pwani. Kisha akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua, akihesabu mito. Karibu yote ilikuwa inaingia. Mapema Mei 1874, upande wa magharibi, akaukuta mmoja unaotoka: Lukuga, ambao hupeleka maji kwenye mfumo wa Mto Kongo. Kitendawili cha ziwa kikawa kimepata jibu lake. Maji ya Tanganyika hayaendi Misri. Yanakwenda Atlantiki.

Huko ndiko Bombay naye alikokwenda. Kwa miezi 18 iliyofuata msafara ulipita Manyema hadi Nyangwe, ukakutana na Tippu Tip, ukageuka kusini hadi Urua, kisha magharibi. Kwa muda mrefu ulilazimika kufuatana na wafanyabiashara wa watumwa kutoka upande wa Angola, waliokuwa wakiswaga makumi ya wanawake waliofungwa kamba baada ya vijiji vyao kuchomwa. Mtoto aliyeswagwa kwenda Kilwa miaka 40 nyuma sasa alikuwa mzee anayetembea nyuma ya mlolongo wa namna ileile, akiwa huru lakini asiye na uwezo wa kuwafungua.

Cameron hakuficha malalamiko yake juu ya Bombay. Alimwona mzito, mpenda pombe na mpole mno kwa watu. Huenda ni kweli; umri ulikuwa umeanza kumwelemea na miguu yake ilikuwa imetembea kuliko ya Mzungu yeyote aliyemwajiri. Novemba 1875 walifika pwani ya Benguela wakiwa taabani kwa njaa na kiseyeye. Chombo kilinunuliwa Luanda ili kuwarudisha wapagazi na askari Unguja kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Wanahistoria wamekadiria kwamba katika maisha yake Bombay alitembea takriban kilomita 9,600. Alikuwa amelikata bara kutoka mashariki hadi kaskazini kwa njia ya Nile, na kutoka mashariki hadi magharibi kwa njia ya Ujiji. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa posho ya maisha, jambo ambalo Waafrika wengine wengi waliobeba misafara hiyo hawakulipata.

Alifariki mwaka 1885. Ni mwaka uleule Mkutano wa Berlin ulipomalizika, na Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi kwa nchi za Usagara, Ukami, Nguru na Useguha, zikiwamo nchi ambazo njia ya misafara ilizipitia. Ramani zilizochorwa kwa miguu ya wapagazi zilikuwa zimepata watumiaji wengine.

KUMBUKUMBU

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa kiasi kikubwa uelekeo wa njia ile ya misafara. Safari iliyowachukua Burton na Speke zaidi ya miezi saba sasa ni ya siku chache. Ujiji, iliyokuwa mji mkuu wa biashara ya ziwa, iliachia nafasi yake kwa bandari ya Kigoma.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya Shirika la UNESCO, ikivitaja vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwaka 2009 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia yenyewe ilifanya maonyesho London kuhusu watu waliofichwa katika historia ya uvumbuzi, Bombay akiwa miongoni mwao. Mwaka 2022 mwandishi wa Kimarekani, Candice Millard, alitoa kitabu kuhusu safari za Nile ambacho kimempa Bombay nafasi sawa na Burton na Speke.

Inastahili basi kwamba mwanafunzi wa Kigoma, anapopelekwa Ujiji kuoneshwa miembe na mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, aambiwe na jina la tatu. Si kwa ajili ya kuwaondoa wawili hao. Ni kwa sababu ilikuwa ni Myao aliyeuzwa kwa vitambaa, ambaye Februari 13, 1858, aliulizwa juu ya ule mstari wa mwanga ulio chini ya kilima, akajibu kwamba yale ni maji, na akawa amesema kweli.